Umejifungua, kisha ukaugua: nani atalipia hospitali?

Mama amejifungua salama Jumatatu katika kituo cha afya hapa Nakivale. Jumatano amesharudi nyumbani. Ijumaa usiku mwili unachemka, tumbo la chini linauma, na damu inayotoka ina harufu mbaya. Mume anatoa pesa zote zilizomo ndani ya nyumba na kuzihesabu: shilingi elfu kumi na mbili. Jirani anasema, "Mkifika Mbarara mtadaiwa malaki. Ngojeni kwanza, labda itapoa." Wanangoja mpaka Jumapili.

Mama huyu ni wa mfano tu, lakini kama umeishi Juru, Rubondo au Base Camp hata mwaka mmoja, huenda umesikia habari inayofanana na hii. Familia kama hiyo haichelewi kwa uzembe. Inachelewa kwa sababu haijui gharama ni ya nani. Makala hii inaeleza nani analipia nini mama anapougua baada ya kujifungua, kwa wakimbizi na pia kwa wenyeji wa Isingiro wanaotibiwa katika vituo hivi hivi.

Kama una mgonjwa nyumbani sasa hivi na huna muda wa kusoma yote, jibu ni hili: mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, au mtume mtu amwite mhudumu wa afya wa kijiji, yule tunayemwita VHT. Kituoni hulipi. Ikibidi kwenda Rwekubo au Mbarara, wao ndio watakaoandika rufaa na kuita ambulansi. Ukishampeleka, rudi usome yaliyobaki.

Je, Uganda kuna bima ya afya ya serikali?

Hakuna. Bunge lilipitisha muswada wa bima ya afya ya taifa tarehe 31 Machi 2021, lakini Rais hakuutia saini, na haukuwa sheria. Kwa hiyo mtu akipita nyumba kwa nyumba akiuza "kadi ya bima ya serikali" ya akina mama, huyo ni tapeli. Usimpe pesa, wala usimpe nakala ya kadi yako ya familia.

Kilichopo ni kitu kingine. Mwezi wa Machi 2001 serikali ilifuta malipo ya matibabu katika vituo vya afya na hospitali za umma, isipokuwa katika zile sehemu za kulipia ambazo hospitali kubwa huwa nazo. Mkimbizi anatibiwa katika vituo hivyo pamoja na raia. Mwaka 2019 Wizara ya Afya ilizindua mpango wa pamoja wa afya kwa wakimbizi na jamii zinazowapokea, ili mama Mkongo na mama Mnyankole waingie mlango mmoja na kuhudumiwa na mkunga mmoja.

Mkanganyiko unaanzia kwenye nchi tulizotoka. Mama wa Burundi anakumbuka kwamba tangu Mei 2006 kujifungua katika hospitali za umma kwao ni bure. Aliyeishi Rwanda anaijua mutuelle, ambayo tangu 2019 iliwaandikisha hata wakimbizi wanaoishi mijini. Aliyepitia Kenya amesikia Linda Mama, halafu akasikia kwamba NHIF imefungwa na SHA imechukua nafasi yake Oktoba 2024. Kadi hizo zote hazivuki mpaka. Ukiitoa mutuelle mbele ya karani wa Mbarara, atakutazama tu.

Karatasi inayofanya kazi ya bima

Kwa mkimbizi wa Nakivale, kitu kinachokaribia bima ya hospitali ni barua ya rufaa. Ukiielewa hiyo karatasi, umeelewa sehemu kubwa ya jambo hili.

Vituo vilivyo ndani ya makazi, kama vile Nakivale, Juru, Kibengo na Rubondo, vinasimamiwa na serikali na washirika wa UNHCR. Kwa miaka kadhaa mshirika mkubwa wa afya hapa amekuwa Medical Teams International. Kituo cha ngazi ya tatu kinazalisha akina mama wasio na matatizo, kinatoa chanjo, kinatibu homa na kuzuia damu. Upasuaji ni kazi ya ngazi ya nne, kama Rwekubo pale Isingiro. Tatizo likizidi hapo, mgonjwa anapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara, ambayo pia ndiyo wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Mbarara wanakofundishiwa.

Mgonjwa anapopanda ngazi hizo kwa rufaa, jina lake linaingia kwenye orodha ya wagonjwa ambao mshirika wa afya anawafuatilia. Hapo ndipo ambulansi inapopatikana bila malipo, na hapo ndipo kunapokuwa na mtu wa kuuliza kama dawa fulani imekosekana katika duka la hospitali na lazima inunuliwe nje. Mgonjwa aliyepanda bodaboda akaenda mwenyewe hayumo kwenye orodha hiyo. Hospitali ya umma itamtibu, kwa sababu ni ya umma, lakini vitu vya kununua nje vitakuwa juu yake. Na akiingia hospitali ya binafsi mjini Mbarara bila rufaa, bili yote ni yake. Kurudi Nakivale na risiti mkononi ukitarajia kurudishiwa pesa ni kujipa matumaini yasiyo na msingi.

Miongozo ya UNHCR inagawa rufaa katika makundi mawili, na tofauti yake ni kubwa kwa mama aliyejifungua. Rufaa ya dharura haingoji kikao cha mtu yeyote. Damu inayomwagika, degedege, maambukizi ya kizazi, mshono wa upasuaji ulioachia, mtoto mchanga asiyenyonya: hizo ni dharura, na mhudumu aliye zamu usiku anaweza kuamua peke yake. Rufaa isiyo ya dharura hupitiwa na kamati, ambayo inatazama kama matibabu yatasaidia na kama gharama iko ndani ya kiwango kilichowekwa. Fistula mara nyingi huangukia hapa. Mama aliyekaa na uchungu siku mbili tatu, halafu baada ya kujifungua akaona mkojo unavuja bila kuweza kuuzuia, hatakufa usiku huo, na kwa hiyo anaweza kusubiri zamu yake. Kusubiri huko kunachosha, lakini fistula inatibika kwa upasuaji. Mwambie mkunga mapema jina lako liingie kwenye orodha. Wapo akina mama wanaoificha kwa miaka kwa sababu ya aibu, na kuificha hakuwapi nafasi kwenye orodha yoyote.

Wenyeji wa Isingiro wanatibiwa bure katika vituo vya makazi kama wakimbizi. Tofauti inajitokeza Mbarara, ambako raia hana shirika nyuma yake, na familia yake ndiyo inayoziba mapengo yote. Mkimbizi aliyehamia Mbarara mjini kutafuta kazi yuko karibu na hali hiyo hiyo: hospitali ya umma iko wazi kwake, lakini mfumo wa rufaa wa Nakivale haumfuati mjini. Kama ana mimba na bado kadi yake ni ya Nakivale, ni busara akamilishe kliniki ya wajawazito mahali atakapojifungulia, asigawanye rekodi zake sehemu mbili.

Kinachobaki mikononi mwako

Huduma ni bure, lakini kulazwa si bure. Anayekwambia vinginevyo hajawahi kulala na mgonjwa wodini.

Katika hospitali za umma za Uganda, mgonjwa huja na mtu wa kumhudumia. Huyo ndiye anayempikia, anayefua mashuka yenye damu, anayembeba mtoto mama akiwa chumba cha upasuaji, na anayekimbia duka la dawa wauguzi wakiandika kitu kilichokwisha. Naye anakula na anahitaji mahali pa kulala. Wiki moja Mbarara, kwa watu wawili na mtoto mchanga, inamaliza akiba ya familia nyingi za hapa. Tangu Mei 2025, WFP ilipowaondoa wakimbizi milioni moja nchini Uganda kwenye msaada wa chakula, wengi wanaondoka kwenda hospitali bila hata unga wa kuacha nyumbani kwa watoto waliobaki.

Halafu kuna kurudi. Ambulansi inapeleka, lakini siku ya kuruhusiwa kutoka haipatikani sikuzote. Muulize mshirika wa afya mapema kabla ya kuagana na daktari, si ukiwa umeshasimama getini na mama mwenye mshono mpya.

Lugha ni gharama nyingine, ingawa haina risiti. Wodini utasikia Kinyankole na Kiingereza. Kama mgonjwa anajua Kiswahili tu, au Kisomali tu, chagua msaidizi anayeweza kuuliza: dawa hii ni ya nini, tunarudi lini, karatasi ya kutokea iko wapi. Shangazi mwenye upendo mwingi asiyeweza kumwelewa muuguzi atamsaidia mgonjwa kidogo kuliko kijana wa jirani aliyesoma hapa Uganda hadi sekondari.

Hofu ya kuzuiliwa hospitalini

Hofu hii haitajwi sana mbele ya wahudumu, lakini iko nyuma ya maamuzi mengi. Tuliotoka Kongo na Burundi tumeona akina mama waliofungiwa hospitalini na watoto wao kwa sababu ya bili. Mwaka 2006 shirika la Human Rights Watch liliandika ripoti nzima juu ya wagonjwa maskini waliozuiliwa katika hospitali za Burundi, na wengi wao walikuwa wanawake waliojifungua kwa upasuaji. Kenya nayo ilikuwa na kesi yake: mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba hospitali ya uzazi ya Pumwani ilivunja haki za wanawake wawili kwa kuwazuia kwa sababu ya deni. Mwanamke aliyewahi kuyaona haya kwa dada yake hawezi kusikia neno "hospitali" kama wewe unavyolisikia.

Kwa hiyo tuseme wazi. Katika wodi za kawaida za hospitali ya umma Uganda, hakuna bili ya kujifungua wala ya kulazwa, na pasipo bili hakuna deni la kumzuilia mtu. Ukiambiwa ulipe kitanda, uliza kwanza: je, hapa ni upande wa kulipia? Wakati mwingine familia inapelekwa huko bila kuelewa, kwa sababu ni pasafi na hapana foleni. Una haki ya kusema unataka wodi ya kawaida.

Mahakama ya Katiba ya Uganda ilishaliangalia suala la uzazi salama. Mwezi wa Agosti 2020, katika shauri lililofunguliwa mwaka 2011 na shirika la CEHURD pamoja na familia za Sylvia Nalubowa na Jennifer Anguko, wanawake waliofia katika hospitali za serikali za Mityana na Arua, majaji walisema kwamba serikali isipotoa huduma za msingi za uzazi katika vituo vyake inavunja Katiba. Hukumu hiyo haileti glavu wodini kesho asubuhi. Lakini inamaanisha kwamba unapoomba huduma baada ya kujifungua, huombi fadhila.

Ukiwa na bima ya kazini au ya kikundi

Wachache wetu wana bima kupitia mwajiri. Kama mume au mke anafanya kazi kwenye shirika au kampuni mjini, chukua mkataba usome sehemu ya uzazi kabla mimba haijakua. Bima nyingi za binafsi zina kipindi cha kusubiri, mara nyingi miezi kumi au mwaka, na mimba iliyopatikana kabla ya kujiunga haihesabiwi. Uliza kama matatizo baada ya kujifungua yanatolewa kwenye fungu la uzazi, ambalo huwa dogo, au kwenye fungu la kulazwa, ambalo ni kubwa zaidi. Swali hilo moja linaweza kuamua kama upasuaji wa pili utalipwa au la. Na uliza mtoto anaingia lini. Kampuni nyingi hutaka mtoto mchanga aandikishwe ndani ya siku chache zilizotajwa kwenye mkataba, na zikipita, matibabu yake ya joto la chini au manjano yanakuwa juu yako, hata kama mama yake amelipiwa kila kitu.

Wasio na mwajiri wanaweza kujifunza kwa majirani zetu wa magharibi. Huko Kisiizi, wilaya ya Rukungiri, hospitali ilianzisha bima ya jamii mwaka 1996 kwa kutumia vikundi vya engozi. Engozi ni machela. Kwa muda mrefu wanakijiji wa milimani walikuwa na vyama vya kubebana: mtu akiugua, wanachama wanamweka kwenye machela na kumshusha hadi hospitali kwa zamu. Hospitali iliona kwamba watu ambao tayari wanabebana mabegani wanaweza pia kubebana kwa pesa. Kikundi kinachanga, na mwanachama akilazwa analipa kiasi kidogo tu mlangoni. Sharti muhimu lilikuwa kwamba kikundi kijiunge kama kikundi, si wale wanaojijua ni wagonjwa tu, maana mfuko wa wagonjwa watupu haudumu.

Sisi pia tuna vikundi. Wakongo wana likelemba, Wasomali wana ayuuto, Wanyarwanda wana ikimina, na vikundi vya kuweka na kukopa viko kila kijiji cha makazi. Tofauti ni kwamba katika mchezo wa zamu, pesa inakuja siku yako ikifika, na homa ya uzazi haiangalii zamu. Vikundi vingi vya kuweka na kukopa vina mfuko wa jamii pembeni. Pendekezo letu ni kwamba kikundi chenye wanawake wajawazito kikae na kuandika kanuni moja: mwanachama aliyepewa rufaa ndani ya wiki sita baada ya kujifungua anapewa kiasi fulani siku hiyo hiyo, bila kikao, kwa ajili ya chakula na msaidizi. Hata shilingi elfu mbili kwa mwezi kutoka kwa watu ishirini na tano zinaleta elfu hamsini kila mwezi. Hazilipi upasuaji, lakini upasuaji Mbarara haukuwa tatizo lenyewe. Chakula cha msaidizi ndicho kilichokuwa tatizo.

Ndani ya arobaini

Wengi wetu humweka mama ndani siku arobaini. Ni desturi nzuri, inampa mapumziko na inamlinda na kazi nzito. Inakuwa hatari pale tu inapotafsiriwa kwamba mama hatoki hata akiugua. Uganda imepanga mama aonwe ndani ya saa 24 za kwanza, halafu siku ya sita, halafu wiki ya sita, na ziara hizo hazilipiwi. Ukiwa umejifungua salama, omba kubaki kituoni saa 24 kamili, hata kama wodi imejaa na unajisikia vizuri. Damu nyingi inayoua humwagika ndani ya muda huo.

Mpeleke mama mara moja, usiku au mchana, ukiona damu inaloanisha kitambaa kizima ndani ya saa moja, joto la mwili, harufu mbaya ukeni, usaha kwenye mshono, kichwa kinachouma sana pamoja na macho kuona ukungu, degedege, pumzi fupi, au mguu mmoja uliovimba na kuuma. Kifafa cha mimba kinaweza kutokea hata siku kadhaa baada ya mtoto kuzaliwa, na hapo watu wengi hukosea wakidhani ni mapepo. Mama anayelia siku nzima, asiyemtaka mtoto au anayesema afadhali afe, naye ni mgonjwa wa kupelekwa. Kwa mtoto, angalia kama ameacha kunyonya, anapumua haraka sana, ana joto au amekuwa baridi, kitovu kimekuwa chekundu au kinatoa usaha, au manjano imefika viganjani na nyayoni.

Kabla hujatoka kituoni na mtoto

Dai karatasi ya taarifa ya kuzaliwa kwa mtoto. Bila hiyo, kumwongeza mtoto kwenye kadi ya familia katika ofisi ya OPM na UNHCR kunachukua muda mrefu, na mtoto asiyekuwa kwenye kadi anakuwa mgumu kufuatiliwa akipewa rufaa ya kwake. Weka pamoja kitabu cha kliniki cha mama na mtoto, karatasi ya kutokea hospitalini, na nakala ya rufaa. Mfuko mmoja wa plastiki unatosha, utundikwe mahali ambapo hata mtoto wa miaka kumi anajua.

Ukiombwa pesa kwa huduma iliyo bure, omba risiti. Wengi wanaoomba bila haki huacha wakisikia neno hilo. Wasipoacha, mpe mgonjwa matibabu kwanza, halafu toa taarifa kwa msimamizi wa kituo, au piga simu ya bure ya UNHCR Uganda, 0800 323 232. Sema jina la kituo, tarehe, saa, na kiasi ulichoombwa. Si lazima uanze kwa kutaja jina la mgonjwa.